Mcheza Kwao Hutunzwa: Kuisoma Ngoma kama Matini ya Fasihi Simulizi

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha nyimbo katika Kidato cha Tatu. Nilikuwa nimeandika wimbo wa arusi ubaoni, na tulikuwa tumefika pale ambapo kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kufika: nafsineni, toni, takriri, kisha umuhimu wa wimbo kwa jamii. Mwanafunzi mmoja, mchezaji hodari katika kikosi cha shule cha tamasha za muziki, aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, wimbo huu huchezwaje?" Nilimjibu kwamba hilo halitahiniwi. Darasa likacheka, naye akaketi.

Jibu langu lilikuwa la haraka, na leo nakiri kwamba lilikuwa la makosa. Swali la kijana yule lilikuwa la kihakiki kuliko yote niliyokuwa nimeyaandika ubaoni. Alitaka kujua nani huanza, nani husimama wapi, nani hutazama na nani haruhusiwi kuingia uwanjani. Hayo ni mambo ambayo maneno ya wimbo hayawezi kuyasema yakiwa peke yake.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali lile, ingawa kwa kuchelewa. Hoja yangu kuu ni kwamba ngoma ni matini kamili, na kwamba katika ngoma jamii hujadiliana na nafsi yake kuhusu cheo, umri, jinsia na mamlaka. Ili kuithibitisha hoja hiyo nitatumia mifano ya Afrika Mashariki na Kati, kisha nitaipima kwa mifano miwili ya mbali. Nitaonyesha pia kwamba watawala waliopiga ngoma marufuku walijua kuisoma kuliko sisi tunaoifundisha.

Ngoma moja, sura nne

Katika Kiswahili neno ngoma lina maana zaidi ya moja. Ni ala inayopigwa, ni uchezaji wenyewe, na ni shughuli nzima inayowakusanya watu. Mtu akisema, "Leo kuna ngoma kwa fulani," hatumuulizi kama anamaanisha ala au uchezaji. Lugha yenyewe imekataa kuvitenganisha vitu hivi.

Vitabu vyetu vya kiada, kwa upande mwingine, huvitenganisha. Mwanafunzi hukutana na ngoma kama kipera cha maigizo, nyimbo zikiwa katika ushairi simulizi, mawasiliano ya ala katika ngomezi, na sherehe katika miviga. Mgawanyo huu unasaidia katika kujifunza istilahi, nami siupingi. Tatizo huzuka mwanafunzi anapoamini kwamba hata kule kijijini mambo hayo hutokea katika sura nne tofauti.

Tuchukue mfano wa isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya. Ngoma hii hupigwa kwa seti ya ala tatu: kubwa, ya wastani na ndogo. Huandamana na pembe na njuga, huongozwa na mwimbaji mmoja anayeitikiwa, na wanaume na wanawake hucheza katika safu zao. Huchezwa mtoto anapozaliwa, katika jando, arusini na hata matangani. Je, isukuti ya matangani tuiweke wapi? Ni mbolezi kwa maneno yake, ni maigizo kwa miondoko yake, ni sehemu ya miviga kwa shughuli yake. Anayejibu kwa kutaja kipera kimoja tu atakuwa ameshika mkia akadhani amemshika ng'ombe.

M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyochapishwa katika jarida la Mulika mwaka 1989, aliieleza fasihi simulizi kuwa tukio linalofungamana na muktadha wa kijamii, ambamo fanani, hadhira, fani, tukio lenyewe, mahali na wakati huingiliana. Walimu wengi tunayafahamu maelezo haya na tumeyafundisha. Hata hivyo, tunapofika kwenye uhakiki wa wimbo tunabaki na fani peke yake, na katika fani hiyo tunabaki na maneno yake tu. Mambo mengine matano huachwa nje ya mlango wa darasa.

Maneno yanaposema hili na mavazi yakasema lile

Mfano unaoonyesha hasara ya kusoma maneno peke yake ni ngoma ya kalela. Mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell aliichunguza katika mji wa migodi wa Luanshya, nchini Zambia ya leo, akachapisha uchunguzi wake mwaka 1956. Wachezaji walikuwa vijana wa kabila la Wabisa waliofanya kazi mjini humo. Nyimbo zao zilisifu kabila lao na nchi yao ya asili, zikayafanyia mzaha makabila mengine yaliyoishi nao.

Mtahiniwa akipewa maneno hayo pekee atajibu kwamba wimbo ni wa kikabila, unaendeleza utani baina ya jamii na kuhifadhi utamaduni wa mababu. Atapata alama, na hatakuwa amekosea. Sasa mwonyeshe uwanja. Wachezaji hawakuvaa ngozi wala manyoya. Walivaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vilivyong'arishwa. Miongoni mwao alikuwamo mmoja aliyeitwa daktari, amevaa koti jeupe, na mwanamke aliyeitwa muuguzi, ambaye alipita akiwashikia kioo na kitambaa ili wajiweke nadhifu. Alikuwapo pia mfalme aliyevaa suti. Hata ala zao zilitengenezwa kwa mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe.

Hapa pana mambo mawili yanayozungumza kwa wakati mmoja. Midomo ilitaja kabila, lakini mavazi na vyeo vilitaja mji, kazi na hadhi ya mtu aliyesoma. Kijana wa mgodini alikuwa anajiuliza yeye ni nani sasa: ni mtu wa kwao au ni mtu wa mjini? Ngoma haikulijibu swali hilo kwa upande mmoja. Iliyashika yote mawili na kuyacheza. Kinaya hiki hakimo katika neno lolote la wimbo. Kimo katika maleba.

Beni: uigaji au ujuzi?

Kalela ina uhusiano wa karibu na ngoma nyingine iliyoanzia kwetu pwani, nayo ni beni. Jina lenyewe limetokana na bendi. Beni ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ikasambaa hadi Tanganyika. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, askari na wapagazi waliibeba hadi Malawi na Zambia za leo. Wachezaji walivaa sare, wakapiga matarumbeta na ngoma za kijeshi, wakatembea kwa gwaride na kupeana vyeo vya majenerali, wafalme na madaktari. Huko Tanganyika vyama viwili mashuhuri viliitwa Marini na Arinoti. Chama cha kwanza kilijihesabu kuwa cha watu wa hadhi, na ushindani baina yao ulikuwa mkali.

Mtu anayeitazama beni kwa juu juu atasema ni kasumba: Mwafrika anamwiga mkoloni. Mwanahistoria Terence Ranger aliipinga tafsiri hiyo katika kitabu chake Dance and Society in Eastern Africa, 1890-1970, kilichochapishwa mwaka 1975. Alionyesha kwamba ushindani wa ngoma baina ya mitaa ya miji ya pwani ulikuwapo kabla ya beni kuzaliwa. Mtaa ulishindana na mtaa kwa mavazi, kwa karamu na kwa ufundi wa kutunga. Sare na tarumbeta ziliingia ndani ya mashindano hayo kama silaha mpya katika vita vya zamani.

Nakubaliana na Ranger kwa sababu moja ambayo kila mwalimu wa fasihi anaielewa. Mwandishi anayetumia umbo la soneti katika Kiswahili hatumwiti mwigaji mpaka tumechunguza amelifanyia nini umbo hilo. Mcheza beni naye alilichukua gwaride, chombo kilichomtisha, akaligeuza kuwa mchezo ambao yeye mwenyewe ndiye jenerali. Haishangazi kwamba baada ya vita hivyo maafisa wa kikoloni walianza kuvichunguza vyama vya beni kwa mashaka. Mtu hamchunguzi mwigaji asiye na akili.

Lelemama na sauti ya wanawake

Uhusiano wa ngoma na jamii hauishii kwa wanaume na gwaride zao. Mjini Mombasa wanawake walikuwa na lelemama. Margaret Strobel, aliyechunguza historia ya wanawake Waislamu wa mji huo kati ya mwaka 1890 na 1975, ameeleza jinsi lelemama ilivyoendeshwa na vyama vyenye viongozi na vyeo. Mwanamke alipanda cheo kwa kugharimia karamu na shughuli za chama. Wanawake wa nasaba tofauti, wakiwamo waliotokana na watumwa, walikutana humo. Nyimbo zao ziliweza kumsuta hadharani mtu aliyekiuka maadili.

Miondoko ya lelemama ni ya taratibu, na mtazamaji asiyeijua angedhani ni burudani ya kupitisha jioni. Kumbe ndani yake wanawake walijifunza kuongoza mikutano, kukusanya michango, kutatua ugomvi na kusema mbele ya watu. Katika miaka ya 1950 baadhi ya wanawake waliopitia vyama hivyo walianzisha vyama vya maendeleo vilivyopigania elimu ya wasichana na masilahi ya wanawake. Ujuzi walioutumia hawakuupata shuleni, kwa kuwa wengi hawakupelekwa shule. Waliupata ngomani.

Nimeona wanafunzi wakiandika kwamba umuhimu wa ngoma ni "kuburudisha, kuelimisha, kuonya na kuhifadhi utamaduni". Orodha hii inaweza kubandikwa kwenye kipera chochote. Lelemama inatupa umuhimu mahususi zaidi: ngoma huunda vyombo vya uongozi kwa watu walionyimwa uongozi kwingine. Hoja kama hiyo ikitolewa na mfano wake, hakuna mtahini atakayeipuuza.

Aliyepiga marufuku alisoma nini?

Tukitaka kujua uzito wa matini, tuwaangalie wanaoiogopa. Mwaka 1929 mzozo ulizuka katika eneo la Agikuyu baada ya wamishenari kuwataka waumini waukane ukeketaji wa wasichana. Mwishoni mwa mwaka huo ngoma ya muthirigu ilisambaa ikiwakejeli wamishenari, maafisa wa serikali na machifu waliowaunga mkono. Mapema mwaka 1930 serikali ya kikoloni iliipiga marufuku. Maneno peke yake yangeweza kunong'onwa jikoni. Kilichoitisha serikali ni vijana wengi wakiyasema pamoja, kwa mdundo mmoja, mbele ya watu.

Lazima tuseme kweli kuhusu muthirigu. Ilitetea uhuru wa jamii kujiamulia mambo yake, na papo hapo ilitetea desturi iliyowadhuru wasichana, desturi ambayo sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeiharamisha. Mhakiki hana budi kuyashika yote mawili. Ngoma ni hoja ya jamii, na hoja ya jamii inaweza kuwa na haki upande mmoja na dhuluma upande mwingine. Kumfundisha mwanafunzi kwamba kila ngoma ni "utamaduni wetu mzuri" ni kumnyima uhakiki.

Je, hali hii ni ya Kenya pekee? Katika visiwa vya Hawaii ngoma ya hula ilisimulia nasaba za machifu na habari za miungu kwa miondoko ya mikono na mwili. Mwaka 1830 Malkia Ka'ahumanu, aliyekuwa ameingia Ukristo, alitoa amri ya kukataza hula hadharani. Mfalme Kalākaua alipotaka kuinua heshima ya taifa lake mbele ya wageni waliozidi kuwa na nguvu, aliirudisha hula katika sherehe za kutawazwa kwake mwaka 1883. Malkia mmoja aliikataza ngoma ili kuijenga jamii mpya, na mfalme mwingine akaifufua ili kuikumbusha jamii ilikotoka. Wote wawili waliamini kwamba ngoma ina uwezo huo.

Mfano wa pili ni wa majonzi. Nchini Marekani, nabii wa Wapaiute aliyeitwa Wovoka alieneza ngoma ya duara ambayo wachezaji wake walishikana mikono wakitarajia wafu wao kurudi na maisha yao ya zamani kurejea. Walakota waliipokea wakati ambapo ardhi yao ilikuwa imepunguzwa na nyati waliowategemea wamekwisha. Serikali iliiona kama maandalizi ya vita ikapeleka wanajeshi. Tarehe 29 Desemba 1890, huko Wounded Knee, wanajeshi waliua zaidi ya watu 150, wakiwamo wanawake na watoto. Serikali ilitambua kwamba ngoma ile ilikuwa inasema jambo kubwa, lakini ikakosea kabisa jambo lenyewe. Watu waliokuwa wakiomboleza na kutumaini walisomwa kama watu wanaotangaza vita. Kusoma ngoma vibaya, basi, si kosa la kupoteza alama mbili tu.

Nasi baada ya uhuru hatukuwa tofauti. Tamthilia ya Ngaahika Ndeenda ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii iliigizwa na wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, mwaka 1977, ikiwa imejaa nyimbo na ngoma. Kibali chake kiliondolewa mwaka huo huo, na Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini mwezi Desemba. Mwaka 1982 ukumbi wa wanakijiji ulibomolewa. Marehemu Ngugi alieleza katika Decolonising the Mind (1986) kwamba nyimbo na ngoma katika mchezo ule hazikuwa pambo, bali sehemu ya muundo wenyewe. Waliobomoa ukumbi ule, nadhani, walikubaliana naye.

Ngoma jukwaani

Huenda msomaji akauliza: kwani wanafunzi wetu hawachezi ngoma? Wanacheza, na wanacheza vizuri. Tamasha za muziki zimeziokoa ngoma nyingi ambazo zingesahaulika. Hata hivyo mhakiki hana budi kuona mabadiliko. Katika uwanja wa nyumbani duara hufungwa, na mtazamaji anaweza kuwa mchezaji dakika inayofuata. Jukwaani duara hufunguliwa kuelekea meza ya waamuzi. Ngoma iliyochukua usiku kucha hubanwa katika dakika chache. Wazee walioijua maana yake hubaki nyumbani, na hadhira hupiga makofi bila kuitikia.

Methali husema mcheza kwao hutunzwa. Kwa kawaida tunaifafanua kwa kusema kwamba mtu huthaminiwa na watu wake. Tukiitazama kama walimu wa fasihi simulizi, methali hii ni nadharia fupi ya hadhira. Anayemtuza mchezaji, iwe kwa leso, kwa pesa au kwa vigelegele, anamhakiki papo hapo, kwa sababu anaijua ngoma na anamjua mchezaji. Akitolewa "kwao", tuzo hugeuka kuwa alama kwenye karatasi.

Haya si malalamiko matupu. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza isukuti katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kuhifadhiwa kwa dharura. Sababu zilizotolewa ni pamoja na kupungua kwa shughuli zinazoialika na wajuzi wengi kuwa wazee wasio na warithi. Ikiwa maana yake haielezwi darasani, na uwanja wake unapungua nyumbani, itabaki miondoko ya kujifunza kwa ajili ya kikombe.

Maswali matano kwa mwalimu na mtahiniwa

Kwa manufaa ya wenzangu napendekeza maswali matano ambayo nimekuwa nikiyatumia darasani kabla ya kugusa mbinu za lugha.

1. Nani hucheza, na nani haruhusiwi? Jibu hufichua umri, jinsia na tabaka.

2. Wachezaji hupangwaje: duara, safu, mmoja mbele au wote sawa? Mpangilio huonyesha mahusiano ya mamlaka.

3. Wamevaa na kushika nini? Maleba yanaweza kukubaliana na maneno au kuyapinga, kama tulivyoona katika kalela.

4. Huchezwa wapi, lini, na kwa tukio gani? Wimbo ule ule wa arusini ukiimbwa kwenye mkutano wa siasa una maana nyingine.

5. Nani hutazama, huitikiaje, na nani ana uwezo wa kuikataza? Hapa ndipo tutakapoona jamii inaogopa nini.

Mtahiniwa akiulizwa afafanue sifa za ngoma, asiridhike na kuandika kwamba "huambatana na maleba". Aongeze maleba hayo yanasema nini. Akiulizwa changamoto za kukusanya data ya ngoma nyanjani, asitaje uhaba wa pesa pekee. Ataje pia kwamba mbele ya kamera ngoma huweza kubadilika, na kwamba kinasa sauti huchukua maneno kikaacha miguu.

Hitimisho

Tumeona kwamba kalela ilibeba kabila mdomoni na mji mwilini, kwamba beni iligeuza gwaride la mtawala kuwa mchezo wa mtawaliwa, na kwamba lelemama iliwafunza wanawake uongozi. Tumeona pia kwamba muthirigu, hula, ngoma ya Walakota na mchezo wa Kamirithu zilikatazwa na watu waliotambua kwamba ngoma husema. Kwa hivyo mwalimu anayeuondoa uchezaji katika wimbo huwa amefuta nusu ya matini kabla ya kuwaomba wanafunzi waihakiki.

Muhula uliofuata nilimwomba yule kijana asimame mbele ya darasa atuonyeshe wimbo ule huchezwaje kwao. Alianza kwa kuniomba tuviondoe viti katikati, akawatenganisha wasichana na wavulana, akaniambia mimi nisimame pembeni kwa kuwa katika arusi hiyo mtu wa umri wangu haingii mpaka aalikwe. Nilisimama pembeni. Kabla hajaimba neno hata moja, alikuwa ameshatufundisha mambo matatu kuhusu jamii yake, na katika maandalizi yangu ya somo hakukuwa na hata moja kati ya hayo.